Runinga ya Balozi Inayogoma Baada ya Adhana

Kijiwe chetu cha Miembeni kiko mbele ya kibanda cha kahawa cha Haidari, tunayemwita Balozi, na hapo hakuna jambo la dunia linalokosa ufumbuzi, hasa nikiwepo mimi. Juzi lilikuwa la runinga. Balozi ameiunganisha kwa waya na kompyuta yake kuukuu, na kila adhana ikilia huuchomoa kwa heshima ya dini. Akiurudisha, kompyuta inaikana runinga kabisa. Kioo cheusi! Na jioni kuna mechi. Wateja wakikosa picha, wote watahamia vibanda vya Rwamishenye.

— Waya umechoka kuchomolewa, alisema Kamugisha, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kumshikia fundi umeme ngazi.

— Waya hauchoki wewe! nikamkata. Hizo ni radi za ziwa. Mimi pale bandarini Kemondo niliponya redio ya meli kwa kofi moja, nahodha akalia.

— Mwezi jana yalikuwa makofi mawili.

— La pili lilikuwa la nahodha.

Mastura, binti wa jirani anayetengeneza programu, akainua macho kutoka kwenye laptopu yake.

— Wazee wangu, si radi. Waya ukikaa nje muda mrefu, programu ya picha inaacha kuitafuta runinga. Ni programu huria, yeyote ruksa kuirekebisha. Nami nimeirekebisha, humu kwenye kompyuta ya Balozi tayari imo. Ila wenzangu wa ng'ambo hawaipokei mpaka ijaribiwe.

— Yaani unaingia jikoni kwa watu, unaongeza chumvi? Injinia akashangaa.

— Naongeza, wao wanaonja. Sasa Balozi, waya huwa unakaa nje muda gani?

— Mpaka swala iishe.

Mama mmoja mgeni, Joanitha wa Muleba, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Samahani, waitu, ndugu zangu. Unajuaje kwamba imekwisha, na wewe mwenyewe uko hapa unamimina kahawa?

Kijiwe kizima tukamgeukia Balozi.

Mara adhana ya alasiri ikalia. Balozi akauchomoa waya, akatutazama mmoja mmoja, akaweka birika chini, akashika njia ya msikitini. Tukabaki na vikombe vitupu, hakuna wa kutumiminia. Aliporudi akauchomeka waya. Picha hiyo, inang'aa!

— Imepona! Mastura akaruka.

— Imeponywa na nini? Injinia akauliza. Siku zote haendi msikitini, haiwaki. Leo kaenda, imewaka. Kuna hesabu nyingine hapo?

— Ndivyo nilivyotaka kusema tangu asubuhi, nikasema.

Wote wakakubali, na papo hapo wakaanza kumpangia Balozi: alfajiri asikose, Ijumaa awahi safu ya mbele. Jasho likamtoka. Akamwinamia Mastura sikioni, lakini mimi nina masikio.

— Mwanangu, waandikie wenzako kwamba ni programu. Waandikie sasa hivi, kabla imamu hajapita hapa.