Kimya cha Bwawa la Korongo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wazee wetu wa vijiji vya mlimani na vya bondeni, wifi yangu, mke wa mstaafu wetu, nanyi wageni waalikwa mliokubali kukalia viti vinavyozama matopeni, hamjambo?

Nimeachiwa ofisi ya mkuu wa hifadhi, na kazi yangu ya kwanza ni kumuaga aliyeniachia. Sisi humwita Bwana Uzio. Korongo wa bwawa hili walipoanza kwisha, ndiye aliyelizungushia waya, akaweka walinzi, akaagiza tuue kila nyoka na kila kenge, kwa kuwa wanakula mayai. Nani angebisha? Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Sisi paka wetu, yule nyoka, tulimfukuza kwa fimbo. Panya wakayamaliza mayai. Mlimani miti ikakatwa, maji yakapungua, nasi tukasema hayo ni ya nje ya uzio. Hata vyura wakanyamaza.

Akabaki korongo mmoja. Tukafunga spika mtini, imwite kwa sauti ya wenzake waliokufa, tuliyoirekodi zamani, yenye mkwaruzo mwishoni. Akawa anaijibu. Baadaye akaanza kuita na mkwaruzo uleule. Niliogopa kupita pale peke yangu, na sioni haya kusema. Wifi naye akaniambia, "Kaka yako akirudi anawasha redio kila chumba. Eti kimya cha bwawa kinamfuata mpaka nyumbani."

Lakini ni wangapi wanaoweza kubomoa walichokijenga? Leo mmemwona akikata waya kwa mkono wake. Kuanzia sasa tunalinda bonde zima: mlima, mto, mashamba, na nyoka pia. Mama mmoja pale nyuma ameguna, nimemsikia. Wazee mmekubali kurudisha miti kwenye chemchemi, na maji yameanza kupanda. Je, tumechelewa? Sijui, na inaniuma, maana korongo wetu hajaonekana tangu mvua zianze.

Samahani kidogo. Fundi, zima hiyo spika, bado naongea.

Unasemaje? Uliing'oa asubuhi, iko garini?

Basi huyo mwenye mkwaruzo ni wetu. Na huyo anayemjibu kutoka kule mtoni, asiye na mkwaruzo, ni nani?

Bwana Uzio, kaa, kaka yangu. Wifi, mshike mkono.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tunyamaze, tuwasikilize wao.