Loretta Harlan na Ngazi za Mama Yake

Marehemu Loretta Harlan, wa ukoo wa Pruski kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mtaa wa Canton, Baltimore, mtoto wa kwanza wa Mzee Zygmunt na Mama Bronislawa, akasoma shule ya parokia, akahitimu sekondari ya masista mwaka 1956, akaimba kwaya ya kanisa hili, na tangu utoto hata maziwa aliyanusa mara mbili kabla ya kuyaamini.

Mwaka huohuo alipendana na Delbert Harlan, fundi wa magari, kijana wa watu wa milimani, koti la ngozi, nywele zinachuruzika mafuta, jambo lililomnyima mama usingizi hadi akamwambia, "Unamtaka binti yangu, anza na ngazi zangu," na alfajiri ya Jumamosi Kuu, tarehe 31 Machi, kabla majirani hawajatoka na ndoo zao, Delbert alipiga magoti akazisugua ngazi za marumaru za mlangoni, kazi ya wanawake wa mtaa kila Jumamosi, amejifunga aproni ya maua ya mama, na wote watatu, yeye, mama na Loretta, wakaapa kwamba siri hiyo haitatoka. Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1957, wakajaliwa Rosemary, 1959, na Dwight, 1962, naye Loretta alifanya kazi kiwanda cha makopo miaka ishirini na sita.

Mei 1985 ilitoka filamu iliyopigwa hapahapa mjini, ya nyimbo na vichekesho, kuhusu binti wa kwaya na kijana muhuni wa miaka ya hamsini, ukumbi mzima ukicheka, mpaka kijana yule alipopiga magoti na aproni ya maua, akisugua ngazi huku anaimba, ndipo Loretta akaacha kucheka, kwa kuwa mama alikwisha kufariki, yeye mwenyewe hakusema, akabaki mmoja. Akakumbuka kwamba mwandishi wa filamu, mwanamke, alitengenezewa gari na Delbert mara mbili, kwa nini mara mbili, na tangu siku hiyo alipekua mifuko, alinusa mashati, aliinua simu ya chumbani polepole Delbert akiongea sebuleni. "Loretta, sijasema," Delbert alimwambia hadi anafariki, tarehe 2 Oktoba 2011, naye Loretta akimjibu, "Basi zimesema ngazi," kisha akaacha maandishi kwamba yeye asizikwe kando ya mumewe.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016, akafariki Jumanne, tarehe 9 Januari 2018, na kaburi limechimbwa upande wa wazazi wake.

Ila kabla jeneza halijatoka, mjue kwamba alfajiri ile dirisha la juu lilikuwa na wavu uliochorwa picha, kama madirisha yote ya mtaa, wa ndani anaona, wa nje haoni, na nyuma yake alisimama mtoto wa miaka tisa, Geraldine, mdogo wake marehemu, huyu anayewasomea, ambaye mwaka 1984, saluni kwake, alimtengeneza nywele mwandishi yule akamsimulia yote ili wacheke, kisha akaona aibu, akanyamaza, hata akamsaidia dada yake kupekua mifuko ya mtu asiye na kosa. Rosemary na Dwight, nafasi kando ya baba yenu bado ipo, amueni ninyi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliomwondolea theluji mlangoni, na wenzake wa kiwandani.

Lala, dada. Delbert hakusema.