Mama Émérence Kaumba Anaiacha Meza ya Plasta

Baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha mifupa hapa Likasi, Mama Émérence Kaumba alistaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya kazi naye meza moja kwa muda mrefu kuliko wenzangu wote. Nilikubali haraka. Kisha nikaanza kuona ugumu wake, maana kila nikitaka kuandika jambo la kuchekesha nainua kichwa kumuuliza lilikuwaje, na kiti chake ni kitupu.

Alizaliwa mtaa wa Panda, binti wa fundi wa reli na mama aliyeuza mboga soko la Kikula. Alisomea uuguzi. Alipofika kwetu mwaka 1991 alipelekwa chumba cha plasta kwa muda tu, hadi apatikane mwingine. Mwingine hakupatikana. Ilikuwa miaka migumu. Kazi za viwandani zilikuwa zikipungua, plasta ilikosekana kwa miezi, na wachimbaji wa madini waliletwa mgongoni mwa wenzao wakiwa wamevunjika miguu mashimoni. Mama Émérence aliifunga miguu hiyo kwa mbao na vipande vya kitenge, akiikagua asubuhi na jioni. Mmoja wa watu wale sasa anauza makaa karibu na lango letu. Hadi juzi alikuwa akimsimamisha Mama Émérence njiani ili amwonyeshe jinsi goti lake linavyokunjika, na Mama Émérence, hata akiwa amechelewa, alisimama akatazama.

Vumbi la plasta lilimzeesha nywele kabla ya wakati. Siku ya ndoa ya binti yake Princesse alitoka kazini moja kwa moja hadi kanisani, na mpiga picha akamsihi apunguze poda usoni. Kwaya ya kanisa lake ilimvumilia kwa miaka mingi. Mchungaji mwenyewe alikiri mbele ya waumini kwamba sauti ya Mama Émérence ina bidii kuliko muziki, na mwenye sauti ndiye aliyecheka wa kwanza.

Wanafunzi wa uuguzi waliopita kwetu watamkumbuka zaidi kwa chakula cha mchana. Alikuwa akiagiza kuku wawili, mmoja mchanga na mmoja mtetea aliyechoka kutaga, kisha anawagawia miguu. “Tafuna pale kwa mwisho,” aliwaambia. “Meno inaingia, ao haiingie?” Kwa kuku mchanga yaliingia, kwa mtetea yaligoma. Ile ncha nyeupe inayoteleza, alieleza, ni gegedu, na kila mfupa mrefu wa mwili wetu ulianza hivyo tumboni mwa mama: laini, unaopindika, usio na mishipa ya damu ndani yake. Kisha damu inajipenyeza. Inaleta chembe za kuvunja na chembe za kujenga, chokaa inatandazwa, na gegedu inauachia mfupa nafasi yake, kipande baada ya kipande, hadi mtu amalize kurefuka. Ndiyo maana mfupa ukivunjika unaunga, kwa kuwa una damu yake, ilhali gegedu ya goti ikichanika inabaki kuuguza kidonda chake miaka na miaka. Wanafunzi waliandika haraka haraka wakiwa na mafuta vidoleni. Wengi wao ni wauguzi leo, na wengine wanasema hawajawahi tena kula kuku kwa amani.

Mwaka 2008 alikwenda Lubumbashi kujifunza namna mpya ya kutibu mguu kifundo, yaani mtoto anapozaliwa nyayo zake zimegeukia ndani. Alirudi akiwa na furaha ambayo sijaiona tena kwake. Mguu wa mtoto mchanga, alituambia, sehemu kubwa bado ni gegedu. Ukiusukuma taratibu kila wiki na kuufunga plasta, unakubali. Mwishoni daktari anakata kidogo kano ya kisigino, mtoto anavalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, na kadiri gegedu inavyogeuka mfupa, mfupa unakomaa ukiwa umenyooka. Lakini viatu vile lazima mtoto avae usiku hadi afikishe miaka minne hivi. Vikiachwa, mguu unarudi ulikotoka. Alianzisha kliniki ya Jumanne, na watoto wanaotembea leo mjini hapa kwa ajili ya kliniki hiyo ni wengi kuliko ninavyoweza kutaja.

Hapo ndipo nilipotaka kumaliza. Nilimpelekea maandishi nyumbani kwake ayasome. Alisoma hadi mwisho, akayaweka mezani, akaniuliza: “Élisabeth, unaandika muntu ao unaandika malaika? Reine iko wapi humu ndani?”

Nikamwambia nilidhani asingependa. Akasema kama Reine hayumo, nisiyasome siku ya sherehe. Basi tulikwenda pamoja kwa Reine na mama yake, Mama Marceline, kuwaomba ruhusa. Waliitoa. Ninayoandika hapa chini wao watatu wanayajua.

Reine alizaliwa mwaka 2010, miguu yote miwili imegeuka. Mama Marceline alimleta akiwa na wiki mbili. Plasta zilikwenda vizuri, kano ikakatwa, miguu ikanyooka kabisa. Mama Émérence aliwaonyesha akina mama wengine miguu ile ili wapate moyo. Baadaye Patrice, baba wa mtoto, alipata nafasi ya kuchimba mbali na mji, na familia ikamfuata. Huko kwenye kibanda cha turubai mtoto alilia usiku na viatu vile, majirani wakalalamika, Patrice akaamka asubuhi kwenda shimoni bila kulala. Wakaanza kumvua usiku mmoja mmoja. Mwishoni wakaacha.

Mama Marceline aliporudi kliniki, mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kugeuka. Chumba kilikuwa kimejaa. Mimi nilikuwa nikikata plasta ya mtoto mwingine, na nilisikia kila neno. Mama Émérence aliinua ule mguu mdogo juu ili wote waone, akasema kwa sauti: “Mutazame! Hii tulinyoosha, yeye ameharibu! Weye mama, mutoto ni wako ao ni wa jirani?”

Wengine walicheka. Mama Marceline alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kitenge, akatoka.

Mama Émérence alidhani atarudi Jumanne ifuatayo. Hakurudi. Baada ya wiki kadhaa alianza kuuliza, akaenda Kikula walikokuwa wamepanga nyumba, akaambiwa wako machimboni, upande ambao barabara huharibika mvua zikinyesha. Alisema atakwenda mvua zikikatika. Zilipokatika kulikuwa na watoto wengine mezani. Hiyo ndiyo sehemu anayoirudia hadi leo, kuliko hata yale makelele. Anasema hasira ilimshika dakika moja tu, lakini ile safari aliiahirisha kila wiki akiwa na akili zake zote.

Mwaka 2018 nilikuta mama na binti wamekaa kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Binti alikuwa na miaka minane, akikanyagia ubavu wa mguu wake wa kushoto, ngozi ya pale imekuwa ngumu kama kisigino. Mama Émérence alipita, akatazama mguu kabla ya sura, akasimama. “Huyu ni Reine,” alisema.

Mama Marceline aliinuka kama anayetaka kuondoka. Mama Émérence akamuuliza polepole kwa nini hakurudi miaka yote ile.

“Minye nilisikia haya, mama,” alijibu. “Ulinipandishia sauti mbele ya bamama bote. Nilijua tu, nikirudia, utanipandishia tena. Sasa batoto ba masomo banamucheka, hataki kuenda. Ndiyo nimekuya. Ukitaka kusema, sema.”

Mama Émérence alikaa chini, kwenye sakafu, mbele ya benchi, na koti lake jeupe. Alishika mguu wa Reine kwa mikono miwili, akajaribu kuusogeza. Haukusogea. Picha ya eksirei ilituonyesha baadaye kile ambacho vidole vyake vilikwisha kumwambia: gegedu ile iliyokuwa ikikubali kusukumwa ilikuwa imekuwa mfupa, na mfupa ulikuwa umekomaa katika umbo la kupinda. “Minye ndiye niliharibu, mama,” alisema akiwa bado sakafuni. “Unisamehe. Na weye pia, Reine.”

Reine, ambaye hakumkumbuka hata kidogo, alimtazama mama yake ili ajue ajibu nini.

Daktari wetu Jean-Luc alimfanyia upasuaji mara mbili. Alikata mifupa, akaipanga upya. Leo Reine ana miaka kumi na mitano, anakanyaga chini kwa unyayo wote na anakwenda shule mwenyewe. Lakini mguu ule ni mfupi na mkavu. Hawezi kuchuchumaa vizuri, hakimbii, na siku za baridi ya Juni unamuuma. Hatukuweza kufanya zaidi ya hapo. Mama Émérence alinikataza kuandika kwamba Reine alipona.

Tangu mwaka ule, hakuna mama aliyegombezwa katika chumba chetu. Mama anayekosa Jumanne anafuatwa nyumbani kabla ya wiki kwisha. Mama Émérence amepanda pikipiki kwenda Kambove, Mwadingusha, Buluo, na kwenye kambi za wachimbaji ambazo hazina hata jina. Siku za Jumapili aliomba nafasi makanisani baada ya mahubiri, akieleza kwamba mguu kifundo si laana wala si kosa la mama, na kwamba sala na plasta havigombani. Mama Marceline alifuatana naye mara nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa akieleza habari za viatu, kwa sababu anajua mtoto anavyolia navyo.

Ijumaa ya tarehe 27, siku yake ya mwisho kazini, tulikuwa tumeandaa soda na keki, naye hakuonekana. Alikuwa amekwenda njia ya Buluo kumtafuta mama mmoja aliyekosa kliniki ya Jumanne. Alirudi jioni, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, peke yake. Mama yule alikuwa amemkaribisha vizuri, akampa maji, akasema atakuja Jumanne. Mama Émérence alikata keki, akanikabidhi ufunguo wa chumba cha plasta, akaniambia jina la mtoto: Divin.

Jumanne mama wa Divin alikuja kweli. Alichungulia mlangoni, akatazama meza, akaniuliza: “Ule mama mwenye alikuya kwangu, iko wapi?” Nilimwambia amestaafu, hatakuja tena kazini. Alisimama kidogo na mtoto wake kifuani, kama anayefikiria kurudi nyumbani. Nikamwomba akae. Nikanawa mikono, nikaushika mguu wa Divin, laini bado, na sikuwa na mtu wa kumuuliza kama nasukuma sawasawa.

Mama Émérence, kwa niaba ya wote wa kituo: asante kwa mikono yako, na asante kwa kutotuficha palipokuuma. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wa kukuchosha, na kwaya itakayoendelea kukuvumilia. Uishi vema, mama yetu. Na Jumanne ukipita mjini, mlango uko wazi.

Élisabeth Ngosa
Chumba cha plasta