Bi Tupokigwe Mbonile, Aliyeishi kwa Kupamba Kuta (1911–1957)

Mama tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1957, hapa Ruanda, Mbozi, hakuzaliwa huku. Alizaliwa Kafule, katika milima ya Ileje, mwaka 1911, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Mbonile na Mama Elina. Siku yenyewe haikuandikwa. Kitabu cha kanisa kinaonyesha kwamba alibatizwa Jumapili tarehe 21 Mei, na mama yake alikuwa akisema tu kwamba mtoto alikuja wakati mvua zinamalizikia na ulezi unaanza kugeuka rangi. Huenda ndiyo sababu, alisema, mtoto yule hakuweza kupita penye rangi bila kusimama.

Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipita milimani Tupokigwe akiwa bado mdogo. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akarudi mwaka 1917 amekonda lakini mzima. Kwa hiyo binti alichelewa kuanza shule. Alisoma katika shule ya misheni kuanzia Januari 1921 hadi mwisho wa 1924, akajua kusoma, kuandika na kushona. Mwalimu alimsifu kwa hesabu, ila kibao chake cha kuandikia kilimtia hasira. Herufi zilianza vizuri juu, zikifika katikati zinageuka kuwa mistari, pembe na vidoti.

"Tupokigwe, hii ni nini?"

"Ni A, mwalimu."

"A ina mikia?"

"Hii imevaa ya Jumapili."

Aliambiwa afute, darasa zima likicheka. Lakini Krismasi ya mwaka ule, ukuta wa kanisa ulipohitaji kupakwa upya, mwalimu huyo huyo ndiye aliyesema aitwe yule binti anayezivalisha herufi.

Kazi yenyewe aliipata kwa mama yake. Kila mwaka baada ya mavuno wanawake wa Kafule walisiriba nyumba zao upya kwa udongo na samadi, kisha wakazipamba: udongo mweupe wa kijitoni, mwekundu wa kwenye kichuguu, wa manjano uliochimbwa chini ya mteremko, na masizi ya chungu kwa weusi. Mama Elina alipaka kwa kiganja. Tupokigwe akaongeza gunzi la hindi kwa mistari mipana, unyoya wa kuku kwa myembamba, na ncha ya kidole kwa vidoti. Rangi aliichanganya na maji ya mgomba ili isishike nguo ya mtu akiegemea. Hakuanza kupamba mpaka ukuta uguswe kwa kidole bila kunata. Waliomharakisha aliwaambia waende kwanza wakachote maji.

Jumamosi tarehe 3 Agosti 1929 alifunga ndoa na Bwana Enoka, kijana wa Kafule, na mwaka uliofuata wakahamia hapa Ruanda kutafuta ardhi pana zaidi. Mungu aliwajalia watoto wanne. Nyumba yao ilipokamilika, mama akaipamba ndani na nje kama alivyozoea kwao. Majirani walikuja kusalimu, wakakaa hadi jioni. Wiki hiyo hiyo mmoja wao akarudi na mbuzi jike.

"Mbuzi wa nini, dada?"

"Wa ukuta. Nataka kama huu."

"Nitakufundisha bure, utapaka mwenyewe."

"Sitaki kufundishwa. Nataka ukuta."

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Miaka ya kwanza aliifanya kazi hiyo kwa furaha tu, maana Bwana Enoka alikuwa na nguvu zake, na tangu 1934 alikuwa mgodini Saza. Lakini Machi 1938 Enoka alirudi akiwa na kifua kilichojaa vumbi. Hakuweza kulima zaidi ya matuta mawili bila kukaa chini. Tangu hapo sufuria ya nyumba ile ilitegemea mikono ya mama, na yale yaliyokuwa furaha yakaanza kumtia hofu. Wazee wa ukoo walinung'unika. Kupaka nyumba, walisema, ni kazi ya kila mwanamke nyumbani kwake. Mwanamke anayezunguka kupaka za watu anacheza, na siku moja mchezo huo utaleta jambo. Tupokigwe aliwasikia. Kila alipoitwa kazi mpya alikwenda akiwaza kwamba huenda ndiyo ya mwisho.

Na jambo likaja kweli, mwezi wa Julai 1939.

Wengi hapa mnaujua mwiko wetu wa milimani. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, halitaji jina lake, haingii nyumba yake. Kwa miaka kumi ya ndoa, Tupokigwe alimfahamu baba yake Enoka, marehemu Mzee Osea, kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo tu. Mzee alipokuja kutoka Kafule kutembelea, mkamwana alichukua mtoto akaenda shambani. Mara moja alikaa ndani ya ghala la mahindi tangu asubuhi mpaka mchana, kwa sababu mzee alisimama njiani kuzungumza na mtu habari za ng'ombe.

Mwaka huo Mzee Osea, ambaye alifiwa na mkewe mwaka 1936, alikubali kuhamia Ruanda karibu na watoto wake. Alijengewa nyumba upande wa juu wa kisima, na kwa kuwa mkamwana haulizi habari za baba mkwe, Tupokigwe hakujua nyumba hiyo ni ya nani. Binti yake, Bi Yunisi, dada yake Enoka, alitaka baba yake alale mahali panapopendeza, akamfuata wifi yake.

"Wifi, kuna nyumba mpya kule juu ya kisima. Mwenyewe hajafika. Inatakiwa ipambwe kuliko zote."

"Ni ya nani?"

"Ya mgeni kutoka milimani. Mtu mzima, amefiwa na mke."

"Ana watoto?"

"Anao. Wamekua. Hawamsumbui sana."

Hakudanganya hata neno moja. Mawazo yake yalikuwa kwamba nyumba ambayo bado haijalaliwa haina mwenyewe, na mkamwana akiipamba kabla ya mzee kufika, mwiko haujaguswa. Tupokigwe alipaka siku nne. Siku ya tano alikuwa anamalizia karibu na mlango, vijana wakaingiza mizigo, na kati ya mizigo hiyo kulikuwa na kigoda chenye mguu uliofungwa kwa waya wa shaba. Alikijua kigoda kile. Alikuwa amekichungulia miaka kumi akiwa nyuma ya ghala. Kabla hajafungua kinywa akasikia kikohozi nje, na nyumba ilikuwa na mlango mmoja.

"Baba," Yunisi akasema kwa haraka, "geuka kwanza utazame milima."

"Nimetoka huko. Naijua."

"Itazame tena, baba."

Mzee akageuka. Tupokigwe akajifunika kanga kichwani, akatoka mbio na udongo mikononi.

Siku ile ile ukoo ulikutana. Shangazi yake Enoka alisema ukuta ukwanguliwe wote, na Tupokigwe ashike jembe kama wenzake, maana walikwisha kumwonya. Wengine wakaitikia. Bwana Enoka aliinua kichwa akasema, "Nikiwa na pumzi ya kulima ningewajibu vizuri. Sina. Ninachojua ni kwamba tunakula kwa mikono yake." Wakakubaliana kumngoja Mzee Osea mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekosewa. Kwa siku tatu mzee alilala katika nyumba ile bila kusema neno, na kwa siku tatu hizo mama yetu hakugusa udongo wala kazi nyingine yoyote. Alikaa akitazama mikono yake. Bi Yunisi anasema hakuwahi kumwona hivyo, kabla wala baadaye.

Asubuhi ya siku ya nne mzee alimtuma Yunisi amlete. Mkamwana aliketishwa nje, mgongo kwenye ukuta. Mzee alikuwa ndani, upande wa pili.

"Ukuta," mzee alisema, "habari za asubuhi?"

Tupokigwe akamtazama Yunisi. Yunisi akamsukuma kwa kiwiko.

"Mwambie nzuri," Tupokigwe akauambia ukuta.

"Tangu mke wangu aondoke, nikifungua macho nilikuwa nabaki nimelala. Hakukuwa na haraka ya kuamka. Siku hizi tatu nimeamka mapema nikutazame. Huu mstari mwekundu nimeufuata kutoka kitandani mpaka jikoni, nikaona unapoishia."

"Mwambie hauishii pale. Unapita nyuma ya mlango."

Wakasikia mlango ukivutwa.

"Kweli unapita," mzee alisema. "Na hiki kiganja hapa kwenye kizingiti?"

"Mwambie hicho si pambo. Kuna mtu alikuwa anakimbia."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipotulia alisema, "Wanataka nikukwangue. Wanataka aliyekupaka aache kazi. Kama kuna aliyevunjiwa mwiko ni mimi, na mimi sina lalamiko. Mwambie aendelee, wajukuu wangu wapate kula. Ila siku nyingine akiitwa, aulize mpaka ajibiwe nyumba ni ya nani."

"Mwambie aliuliza. Yunisi hakujibu."

"Yunisi nitaongea naye uso kwa uso. Huyo hana mwiko na mimi."

Hapo Bi Yunisi akakumbuka kwamba ameacha maji motoni.

Mzee alitoa kondoo, akaliwa na nyumba zote mbili, na shangazi akala sehemu yake bila kusema zaidi. Mama alikuwa akisimulia kwamba alipoinuka pale ukutani miguu ilikuwa myepesi hata akapoteza njia ya kwenda kwake, njia ya hatua mia moja. Kesho yake alikuwa kijitoni anachimba udongo mweupe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeita kazi yake mchezo mbele yake. Alipamba nyumba hapa Ruanda, akaitwa Mbangala, akaitwa Saza. Tangu 1943 alikuwa akienda Tunduma kila kiangazi, ambako wenye vyumba vya chai walishindana kumpata, kwani madereva wa malori walikuwa wakisimama penye ukuta wake. Wateja kutoka ng'ambo ya mpaka walimwita Bana Ikupa, mama yake Ikupa, na mara mbili walimvusha akapambe kwao. Agizo la Mzee Osea alilishika mpaka mwisho. Karani mmoja wa mpakani alipomwita apake chumba, alimuuliza nyumba ni ya nani.

"Ya Serikali, mama."

"Serikali ni baba mkwe wa nani?"

Karani alisema hajui. Mama akamwambia basi ataingia, kama ni hivyo.

Kwa kazi hiyo watoto wote wanne walisoma, Bwana Enoka alipata dawa na maziwa kila siku, naye, ambaye wengi hawakudhani atafika mwaka 1940, leo ameketi hapa mbele yetu. Mashimo ya udongo na namna ya kuchanganya rangi mama hakumficha mtu. Wanawake kumi na mmoja wa Ruanda walijifunza kwake.

Mzee Osea alifariki tarehe 3 Februari 1948. Wazee walimruhusu mkamwana aingie kumtazama, mara moja tu. Alisimama muda mrefu, kisha akamgeukia Yunisi akasema, "Kumbe pua ya Enoka ilitoka hapa." Ndipo akalia.

Ugonjwa wa tumbo ulimwanza Februari 1956. Alitibiwa hospitalini Mbozi mara tatu, na tunawashukuru wauguzi waliomhudumia kwa upole. Hakuacha kazi hadi Juni mwaka huu, alipopamba chumba cha mjukuu wake akiwa ameketi, mpaka pale mkono ulipofika. Mwezi wa Agosti aliomba arudishwe nyumbani. Maumivu yalikuwa makali wiki mbili, halafu yakampungukia, na siku zake za mwisho zilikuwa za utulivu. Alikula uji, alitania, aliwakosoa waliokuwa wakisiriba uani.

Jumatano binti yake Ikupa alimuuliza kama kuna jambo linalomsumbua.

"Lilikuwapo," mama alisema. "Tangu utotoni nilikuwa nangoja mtu aje aniambie, mchezo umekwisha, shika kazi. Nilimngoja shuleni, nikamngoja kwa wakwe, nikamngoja Tunduma. Hajafika. Wewe umekula, wadogo zako wamekula, baba yenu amekula. Sasa hata akija, atanikuta nimeshashiba."

Kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Septemba 1957, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, alilala na hakuamka.

Marehemu ameacha mume, Bwana Enoka, watoto wanne, Ikupa, Mwalimu Lusubilo, Nesta na Danford, wajukuu watano, wifi yake Bi Yunisi, ndugu zake watatu wa Kafule, na kuta ambazo hakuna aliyezihesabu, pande zote mbili za mpaka.

Bwana ameipokea kazi ya mikono yake. Mikono na ipumzike sasa, na mwenye mikono apumzike kwa amani.