Mita Tatu na Nusu za Pierre-Claver

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Ninyi wa Overport, ninyi wa Greyville, na ninyi wa bandarini mnaotusikiliza kwa sikio moja kwa sababu la pili analo bosi, sogeeni karibu. Mama, punguza moto chini ya sufuria. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Jina lake Pierre-Claver. Mzaliwa wa Uvira, Kivu Kusini. Mfungaji wa makontena bandarini hapa Durban. Mume wa Mama Henriette, baba wa Deborah. Ametutoka akiwa na miaka arobaini na sita. Na mwaka 2009, katika Michezo ya Majimbo ya kwanza kabisa, alikimbia mita mia na akawa wa pili.

Wa pili, wasikilizaji. Mshindi aliondoka na kikombe. Pierre-Claver aliondoka na wivu, na ule wivu ukadumu kuliko kikombe.

Msinitolee macho. Mama Henriette mwenyewe ndiye aliyesema niseme. Nilipokwenda kuwapa pole, alinishika mkono akaniambia, "Usimpake sukari. Mume wangu alikuwa na wivu. Ukisema hakuwa nao, watu watafikiri tumezika mtu mwingine."

Basi tusimulie kama alivyokuwa.

Vijana mliofika juzi mnadhani Michezo ya Majimbo ilianzia uwanjani. Ilianzia kwenye foleni ya maji. Mwaka 2008, wageni walipofukuzwa katika nyumba zao, familia nyingi za Kikongo zililala kwenye ukumbi wa kanisa. Watu mia mbili, bomba moja. Watu wa Kivu wakasema watu wa Katanga wanajipenyeza. Watu wa Katanga wakasema watu wa Kasai wana ndoo kubwa mno. Mchungaji akachoka kuamua kesi. Siku moja akatangaza kwamba kila jimbo litoe mtu mmoja, wakimbie kulizunguka kanisa, na jimbo litakaloshinda litachota kwanza. Watu wakacheka. Wiki tatu walikuwa hawajacheka.

Mwaka uliofuata kila mtu alikuwa amerudi kwake, lakini ile hamu ya kushindana haikurudi ilikotoka. Tarehe 24 Septemba, Siku ya Urithi, wenyeji wakichoma nyama zao, Wakongo wakapanda mabasi kutoka Johannesburg, Cape Town na Bloemfontein kuja Durban. Majimbo kumi na moja. Mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba, drafti na mbio. Miaka ya baadaye serikali kule nyumbani iliyakata majimbo yakawa ishirini na sita. Katanga peke yake ikatoa vipande vinne, na hapa Durban timu yake ya kuvuta kamba ikagawana watu kama mume na mke walioachana wanavyogawana masufuria. Lakini tubaki kwenye 2009.

Nani atachora mstari wa mita mia? Pierre-Claver. Nani mwingine? Kila siku alikuwa anashinda na makontena, na kontena refu lina mita kumi na mbili na sentimita kumi na tisa, anayajua kama anavyojua kiatu chake. Wakati wa mapumziko ya mchana akanyoosha kamba kando ya safu ya makontena manane. Akaongeza mita mbili na nusu. Mita mia hiyo. Akaipeleka kamba ile uwanjani, akachora kwa chokaa kutoka nguzo ya goli hadi karibu na ukuta wa vyoo, akachimba na alama ya mwisho. Watu wakampigia makofi. Fundi wa vipimo, wakamwita.

Kisha fundi wa vipimo akavaa viatu akaingia fainali kuiwakilisha Kivu Kusini. Miezi minne alikuwa akipanda vilima vya Berea kila alfajiri. Pembeni yake alisimama Ezéchiel wa Lubumbashi, mtengeneza simu wa Greyville, ambaye alifika amechelewa na chapati bado iko mkononi. Ezéchiel akamaliza chapati. Akamaliza na mbio. Sekunde kumi na moja nukta nne. Pierre-Claver, kumi na moja nukta tano.

Mwaka uliofuata Ezéchiel aliumia goti akacheza drafti tu. Hakukimbia tena maishani. Hapo ndipo penye maumivu, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyekushinda mara moja akaacha, utampatia wapi?

Basi Pierre-Claver akaanza kushindana naye kwenye mambo ambayo Ezéchiel hakujua kwamba ni mashindano. Simu yake ilipasuka kioo, akatembea nayo miaka miwili kuliko kuipeleka Greyville. Akimwona Ezéchiel upande huu wa robot, zile taa za barabarani, yeye anavuka upande ule, hata kama anakokwenda ni huku. Ezéchiel aliponunua Toyota nyeupe, Pierre-Claver alieleza kanisani kwamba rangi nyeupe haifai mji wa bahari. Na mtaa mzima unamwita Ezéchiel "Papa Rekodi". Kila salamu ni msumari.

Deborah, binti yake, aliniambia, "Nikiwa mdogo nilidhani Ezéchiel ni ugonjwa. Baba akirudi ameinama, mama anamuuliza, ni mgongo ao ni Ezéchiel?"

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2014 Michezo ilihamia uwanja wa manispaa, ule wenye njia za raba zilizopimwa na wataalamu. Ghafla kila mtu akawa na kasi. Wanaume waliokuwa wakitambaa wakaanza kuruka. Watu wakasema ni raba. Pierre-Claver peke yake aliufikiria mstari wake wa chokaa. Jumapili baada ya ibada alichukua futi ya chuma, ile ndefu ya kuviringisha, akaenda peke yake kwenye uwanja wa zamani, akapima kutoka nguzo ya goli hadi alama aliyoichimba mwenyewe karibu na ukuta.

Mita mia moja na tatu na nusu.

Akaketi kwenye majani. Akaona alipokosea. Makontena kwenye safu hayagusani, wasikilizaji. Kati ya moja na jingine kuna mwanya, karibu nusu mita. Makontena manane, mianya saba. Yeye alipima makontena akasahau hewa. Mita tatu na nusu za hewa.

Maana yake nini? Maana yake Ezéchiel hakukimbia mita mia kwa kumi na moja nukta nne. Alikimbia zaidi ya mia. Ondoa ile ziada, anabaki na kumi na moja na kitu kidogo sana. Pierre-Claver alikwenda akiomba akute kosa la kumpunguza mwenzake. Akakuta kosa linalomwongeza. Na kosa lenyewe ni la kwake.

Alimwambia Henriette tu. Henriette akamwambia aende kusema. Akajibu atasema. Miaka ikapita bado atasema.

Mwaka 2019 kijana mmoja wa Kasai, Prodige, alikimbia kumi na moja nukta tatu kwenye raba. Rekodi mpya. Marie-Jeanne, katibu wa kamati ya Michezo, akafuta jina la Ezéchiel kwenye ubao wa rekodi ukumbini na kuandika la Prodige. Pierre-Claver alikuwepo. Alipiga makofi mpaka watu wakageuka kumtazama. Naye Ezéchiel? Alimkumbatia Prodige, akamwekea simu kioo kipya kama zawadi. Ukumbi mzima ukamsifu. Pierre-Claver akaacha makofi. Hata akishindwa, yule mtu alikuwa anashinda.

Tufike mwaka huu. Figo zikakataa. Pierre-Claver akalazwa. Na nani anakuja kumwona kila Jumanne na juisi ya embe na magazeti? Papa Rekodi. Anawachekesha wagonjwa. Anawatengenezea wauguzi simu. Wauguzi wakawa wanamuuliza Pierre-Claver, yule rafiki yako mzuri anakuja saa ngapi?

Henriette anakumbuka siku ambayo mumewe aliutazama mlango Ezéchiel alipotoka, akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Mama Deborah, mpigie Marie-Jeanne. Huyu mtu amenishinda kwa miguu. Hatanishinda na kwa moyo."

Naam. Hata ukweli aliusema kwa wivu.

Walipomruhusu kurudi nyumbani, Jumamosi asubuhi, kamati ikakutana kwenye uwanja wa zamani. Pierre-Claver alikalishwa kwenye kiti cha plastiki. Prodige alikuwepo. Ezéchiel aliitwa bila kuambiwa sababu, akapewa ncha ya futi ashike. Ana tumbo sasa, na goti lake ni lile lile. Akatembea polepole mpaka ukutani. Marie-Jeanne akasoma. Mita mia moja na tatu, sentimita hamsini.

Pierre-Claver akawaeleza yote. Makontena, mianya, futi ya chuma, ile Jumapili. Hakuacha kitu.

Prodige akajikuna kichwa. "Eish, papa. Basi mimi nilikimbia mia tu."

Ezéchiel hakucheka. Alirudi polepole mpaka kwenye kiti, akachuchumaa kwa shida. Deborah alisogea, maana alidhani atampiga mgonjwa.

"Miaka kumi na moja ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na weye, Klaver, siku ile ulikimbia wapi?"

Pierre-Claver hakuelewa.

"Nakuuliza ulikimbia wapi. Si tulikuwa wote hapa? Na weye ulikimbia mia moja na tatu na nusu. Kumi na moja nukta tano. Toa ziada. Na weye uko mbele ya Prodige. Ulikuwa unafukia jina langu, ukalala ndani ya shimo na la kwako."

Mama Henriette anasema hatausahau uso wa mumewe saa ile. Miaka kumi na moja alikuwa amepiga hesabu ya Ezéchiel kila siku, mbele na nyuma. Ya kwake hakuwahi kuipiga hata mara moja.

Kisha, wasikilizaji, Pierre-Claver ni Pierre-Claver, akaomba wapime na mstari wa upande aliokimbia yeye. Huenda ulikuwa mrefu zaidi. Ezéchiel, jasho linamtiririka, akaishika futi akaenda tena mpaka ukutani. Ikawa sawa sawa.

Ezéchiel akamwambia Marie-Jeanne aandike majina yote mawili pamoja, juu kabisa, sare. Tofauti ya nukta moja ni kitu gani, sisi wote ni wazee.

Pierre-Claver akatikisa kichwa. "Usinihurumie," akasema. "Andika yeye wa kwanza. Andika mimi wa pili. Alinishinda."

Miaka kumi na sita neno lile lilikuwa halijapita mdomoni mwake. Henriette anasema baada ya hapo aliomba kula, akala ugali na samaki akamaliza sahani.

Siku kumi na tisa baadaye alifariki, nyumbani kwake Overport, mkewe yuko pembeni. Jeneza lilibebwa na watu sita. Mmoja wao alikuwa anachechemea goti, na alikataa kupokewa.

Mama Henriette, Deborah, ndugu wote wa Uvira na jamaa wa bandarini, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe mzee wetu, na awape nguvu ya kuamka kila asubuhi nyumba ikiwa kimya.

Na wewe unayenisikiliza, usimcheke sana marehemu. Iko mtu mmoja ambaye ukimwona unavuka barabara. Unajua jambo jema lake moja, na umelikalia. Leo, kabla hujalala, inuka kidogo utazame chini. Huenda na jema la kwako liko hapo.