Aliyeniita Nishuke Majini

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu! Mlio nyuma nisikilizeni kwa makini, maana sauti yangu siku hizi si ile ya zamani. Mimi ni mama yenu Yustina, mjane, mtu wa huku huku juu Newala. Nimesimama kumshukuru Mungu aliyenitoa mahali ambapo ningekufa bila mtu kujua nimefia wapi.

Baada ya kumzika mume wangu, na watoto wote kuwa na nyumba zao, nilibaki na hamu moja tu: kuiona bahari. Mnajua maisha yetu. Tangu utoto wangu nimeshuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Kwetu maji ni kitu unachokifuata, na ukichelewa unakuta tope. Nilitaka kabla sijafa niyaone maji yasiyokwisha.

Mwanangu mkubwa, Damiani, akaniuliza, "Mama, unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia siendi kwa mtu, nakwenda kutazama. Kwanza alicheka, halafu akakasirika. Ndugu zangu, mwanamke mtu mzima huenda msibani, huenda kuuguza, huenda kwa binti aliyejifungua. Kutazama si safari. Na wakati ule ng'ambo ya Ruvuma Mreno alikuwa akipigana vita, kwa hiyo pwani yote mgeni asiye na mwenyeji alitazamwa kwa jicho baya. Damiani alisema kweli, lakini nami nina kichwa kigumu. Nikamkumbusha nani alimzaa nani, nikapanda lori la korosho.

Mtwara nililala Chuno, kwa mama mmoja wa kanisani. Akanipeleka nikaione bandari. Niliona meli, malori na magunia, na wapagazi wakipiga kelele, lakini bahari yenyewe niliiona vipande vipande tu. Wakasema ukitaka bahari iliyo wazi nenda Msimbati. Nikaenda, peke yangu.

Msimbati niliulizwa swali lile lile la Damiani, nikatoa jibu lile lile. Balozi wa nyumba kumi, mzee mwenye sauti ya upole, akafungua kifurushi changu kwa mkono wake. Akakuta kanga, muhogo mkavu na kitabu cha sala.

"Mama," akasema, "hakuna mtu anayekuja kutazama bahari. Bahari ipo tu."

Akanipeleka nilale kwa Bi Somoe, mjane wa umri wangu. Akaniambia kesho nitarudishwa Mtwara, na nisithubutu kuelekea upande wa mdomo wa mto, kwani huko ni mpakani. Bi Somoe alinipa wali na samaki, mazungumzo hakunipa. Kisha akatandika mkeka wake mlangoni na kulala pale. Nilielewa kwamba nimefungwa, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo.

Alfajiri Bi Somoe akatoka na wenzake kwenda kutafuta pweza na chaza, maana maji yalikuwa yamekupwa sana. Alinitazama, hakusema nisitoke. Nikatoka.

Nilichokiona sikukitarajia. Bahari haikuwapo! Palikuwa na mchanga mtupu na vidimbwi, wanawake wameinama mbalimbali, na maji yako kule mbali yanameremeta. Upande wa mto sikwenda, nilitii amri ya balozi. Nilikwenda mbele moja kwa moja, viatu mkononi, moyo unacheza kama wa msichana. Na mbele yangu palikuwa na fungu la mchanga mweupe, limeinuka kama tuta kubwa la muhogo. Sasa Mmakonde akiona mwinuko anafanya nini? Nikapanda.

Pale juu niliimba, nikasali, nikamshukuru Mungu kwa ukubwa wote ule. Uso wangu ulielekea baharini muda wote. Nilipogeuka nirudi, nyuma yangu palikuwa na maji.

Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mtu anayeingia nyumbani kwake, bila hodi. Yalikuwa yamezunguka fungu na kujaa kule bondeni nilikopita kwa miguu mikavu, kati yangu na kijiji. Nami nikafanya anachofanya mtu wa kwetu: nikapanda juu zaidi. Wazee wetu walipokimbizwa na wateka watumwa walipanda huku tunakoishi. Mvua ikizidi, mabonde yakifurika, sisi tunayatazama kutoka juu. Nilinyonya kwa mama yangu kwamba juu ndiko salama. Basi nikaenda kusimama kileleni mwa fungu, nikangoja maji yapite.

Hayakupita. Mchanga ulipungua ukawa kama uwanja wa nyumba, ukapungua tena ukawa kama mkeka. Wanawake walikuwa wameshafika ufukoni na vikapu vyao. Nikapunga kanga, nikapiga kelele. Walisimama, wakanitazama. Mmoja akageuka akaenda zake. Wengine wakabaki pale pale wamekunja mikono, na hakuna aliyeinua mguu kunijia.

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliwaza, Damiani anajua niko Mtwara. Yule mama wa Chuno anajua nimepanda gari. Mimi si mgeni wa mtu, hakuna anayeningoja mahali popote, na maji haya yakinichukua hakuna atakayesema amenikosa. Nikapiga magoti, na maji yakanifika kiunoni. Kiswahili kilinikimbia. Nikalia kwa lugha ya mama yangu, "Nnungu wangu, Nnungu wangu," yaani Mungu wangu. Nikamwambia, wewe uliyewapitisha wana wa Israeli pakavu, yatoe maji haya.

Ndugu zangu, hakuyatoa. Nataka mlisikie hilo sawasawa, maana wengi wetu tunapenda ushuhuda ambao Mungu anafanya kama alivyoagizwa. Niliomba kwa machozi na maji yakaendelea kujaa. Kilichokuja ni sauti ya mtu.

Alikuwa Bi Somoe. Alikuwa amerudi, amesimama majini mpaka kifuani, lakini si mbele yangu. Alikuwa kule pembeni, mahali ambapo maji yalikuwa meusi.

"Shuka, bibi! Njoo huku kweusi!"

Nikatazama. Moja kwa moja kuelekea kijijini maji yalikuwa meupe, mchanga wa chini unaonekana. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba likiwa la kufa na kupona nitapita hapo. Kule kweusi ndiko kwenye kina, hata mtoto anaona. Na anayeniita ni mwanamke aliyelala mlangoni nisitoroke. Nikawaza, huyu ananimaliza. Nikatikisa kichwa, nikasimama, nikabaki juu ya kile kipande changu cha mchanga, mawimbi yananisukuma huku na huku.

"Hapo peupe maji yakijaa mchanga hugeuka tope," akasema, sasa bila kupiga kelele, kama mtu aliyechoka. "Litakushika miguu na mkondo utakulaza. Huu weusi ni mwamba na mwani, nimeukanyaga hapa. Nina wajukuu, bibi. Siwezi kukungoja mpaka uniamini."

Akageuka kidogo kutazama ufukoni. Nilipoona anageuka, nikashuka.

Kushuka kule kulikuwa kugumu kwangu kuliko kuzaa. Kila kiungo cha mwili wangu kilikuwa kinasema panda. Maji yakafika kifuani, yakafika shingoni, mguu ukatafuta chini usikute kitu. Nikameza maji ya chumvi, macho yakaingia giza. Halafu mkono ukanikamata kanga kifuani, kama unavyomkamata mwizi, ukanivuta, na mguu wangu ukagonga mwamba. Mwamba ule ulinichana nyayo mpaka damu, na sijawahi kukanyaga kitu kitamu kama kile. "Fuata nyuma yangu, usikanyage pembeni," akasema. Tukazunguka hivyo, mimi nimeshika kiuno chake, mpaka maji yakashuka magotini.

Nilianguka ufukoni. Nilipopata pumzi nikageuka kulitazama fungu langu. Ilikuwa bahari tupu.

Baadaye, jikoni kwake, miguu yangu ikiwa imefungwa matambara, nilimuuliza kwa nini walisimama wakanitazama. Alikuwa akikuna nazi, hakuacha.

"Tulidhani unangoja chombo cha Wareno," akasema. "Nani mwingine anasimama kwenye fungu maji yakijaa? Wenzangu walisema tukuache na watu wako."

"Na wewe?"

"Nami nilisema hivyo hivyo. Halafu nikakumbuka ulivyopanda kileleni. Mtu wa baharini hapandi pale, anajua patamezwa na maji. Nikasema, masikini, huyu ni mtu wa bara, hajui kitu."

Basi ule ujinga wangu, ulionipeleka kufa, ndio ulionisemea. Nililia, naye akalia, kisha akanicheka sana, nami nikacheka.

Wako humu kanisani walioniambia niseme ni malaika. Siwezi. Aliyenitoa anaitwa Somoe, anaswali kwa dini yake, na meno yake mawili ya mbele hayapo. Mungu alipoombwa na mimi alimtuma huyo, na huyo naye alikuja akiwa na shaka na mimi, na bado akaja. Wala msidhani nimesimama kuwakataza kina mama kusafiri. Miguu ikipona vizuri nakwenda tena.

Lakini yupo mtu hapa asubuhi hii, mimi sikujui jina, umepanda juu ya jambo lako na umeng'ang'ania. Juu ya hasira, au juu ya heshima yako, au juu ya yale uliyofundishwa kwamba ndiyo salama. Unaomba maji yaondoke. Huenda hayataondoka, ndugu yangu. Huenda jibu lako limeshasimama majini mpaka kifuani, linakuita kwa sauti ya mtu usiyempenda, na halitangoja siku nzima. Namshukuru Mungu aliyeninyima nilichomwomba. Na wewe nakusihi, umtumaini, ushuke wakati mkono ule bado unakufikia.