Mkunga Aliyeogopa Ukuta

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtaa wa zamani nyuma ya soko, mtoto wa nne wa fundi viatu. Enzi hizo kila nyumba iliacha uchochoro ubavuni, na aliyeuziba aliitwa mchoyo mbele ya wanawe. Alisoma hadi darasa la nane, akafunzwa ukunga, akahitimu mwaka 1972.

Kazi aliifanya kwa miguu. Akiitwa, alikatiza vichochoro, akapita nyuani mwa watu akisema, "Hodi, napita tu!" na uji wa mtu haujapoa ameshafika kwa mzazi. Karakana ya seremala mmoja aliipita mno, hata yule bwana akauliza, "Dada, wote hao wanazaa, au unanipitia mimi?"

"Siku ukizaa wewe, nitakuja kwa ajili yako."

Walioana tarehe 14 Agosti 1975.

Mji ulivimba, mtaa ukabomolewa, wakahamia makazi mapya pembezoni. Nyumba safi, maji ndani. Ila kila barabara ya huko inaishia ukutani, na kumfikia jirani wa nyuma ni safari ya gari. Siku hizi hayo ndiyo huitwa maendeleo. Paa la zahanati marehemu aliliona dirishani, katikati ukuta.

Mwaka 2016 alipata pumu, na hofu ikaja nayo. Alimwendea mwenyekiti wa mtaa kikaoni kuomba kijimlango tu ukutani.

"Mama, tunazuia wezi."

"Mwanangu, mwizi ataruka. Na mimi niruke?"

Kikao kilicheka. Ukuta haukutobolewa. Tangu siku hiyo alilala na viatu miguuni, mkoba kando ya mto, akisikiliza pumzi zake mwenyewe.

Mchana wa Jumamosi, tarehe 2 Juni 2018, kifua kilimbana. Mwanawe alimpakia garini, wakaipa zahanati mgongo ili wapate kuizunguka, wakakwama barabara kuu, ambako mitaa yote ile humwaga magari yake. Marehemu aligeuza shingo. "Tunaiacha, baba," alisema. Hakusema tena.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu sita, na watu wazima wengi waliopo hapa ambao mikono yake ndiyo iliyowapokea, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Mumewe ana presha, na leo baada ya maziko atarudi kulala nyumba ile ile.

Mungu ampe marehemu pumziko la amani, na waliobaki awape pa kupita.